Baiskeli iliyovuta nyumba

Nimekuwa kimya kidogo. Sababu ya ukimya ni mjomba wangu anayeishi Ohio, Marekani. Alinipigia simu usiku wa manane, maana tofauti ya saa haijawahi kumshughulisha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sikiliza, wewe si mwandishi wa habari? Hebu nitafutie jambo. Nataka kununua tela la kupigia kambi, lile lenye vitanda na jiko ndani. Muuzaji anasema pikapu yangu inavuta tani 4, na tela lenyewe likijaa halifiki tani 3 na robo. Shangazi yako hataki. Anasema tutaua watoto. Nani mkweli?"

Nikacheka. Baadaye nikaacha kucheka, maana watoto wenyewe ni watatu na mdogo wao ana jina langu. Nikaanza kusoma. Nikajikuta kwenye historia ambayo, ndugu msomaji, sikuitegemea kabisa.

Anza na picha moja ya mwaka 1947. Mwendesha baiskeli Mfaransa, Alfred Letourneur, yuko juu ya baiskeli yake. Nyuma ya baiskeli imefungwa nyumba nzima ya alumini inayong'aa, yenye madirisha, mlango na magurudumu. Anaivuta! Huyu bwana hakuwa mtu wa mchezo. Mwaka 1941, akiwa nyuma ya gari lililomkingia upepo, alifikisha kasi ya kilomita 175 hivi kwa saa juu ya baiskeli. Tela lile lilikuwa la kampuni ya Airstream, na picha ile ilikuwa tangazo la biashara. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: tela letu ni jepesi, hata baiskeli inalivuta.

Je, picha ilidanganya? Hapana, na hapo ndipo penye utamu. Kwenye barabara tambarare, tela la tani 1 lenye tairi nzuri linahitaji msukumo wa kama kilo 10 hadi 15 tu ili liendelee kuvingirika. Mwanaume mwenye miguu kama ya Letourneur anauweza. Wewe mwenyewe umewahi kuona mkokoteni wa Kariakoo uliojazwa magunia ya lumbesa ukisukumwa na kijana mmoja mwembamba. Kwenye tambarare hana shida. Mpe mteremko uone atakavyoning'inia nyuma kuuzuia usimkimbie.

Kwa hiyo picha haikudanganya. Ilijibu swali dogo na kuliacha swali kubwa. Swali dogo ni je, kitatembea? Swali kubwa ni je, kitapanda, kitashuka na kitasimama?

Mwenye kampuni, Wally Byam, alilijua swali la uzito tangu mwanzo. Miaka ya 1930 magari ya Marekani hayakuwa na nguvu za kutisha. Ford ya V8 iliyotoka mwaka 1932, iliyosifiwa kila kona, ilikuwa na nguvu za farasi 65. Ukiwa na gari la namna hiyo huwezi kuvuta sanduku la mbao na chuma. Ndiyo maana tela lake la mwaka 1936, Clipper, lilijengwa kwa alumini na kuchongwa kama mwili wa ndege. Umbo hilo lilitokana na kazi ya Hawley Bowlus, fundi wa ndege zisizo na injini, aliyekuwa amehusika kuunda ndege ya Charles Lindbergh iliyovuka Atlantiki mwaka 1927. Zamani zile, tela ndilo lililopunguzwa lilifae gari.

Halafu mwaka 1959 Byam akafanya jambo linalotuhusu sisi wa huku. Alikusanya msafara wa matela 41 na watu 106, wakaanza safari Cape Town kwenda Cairo. Walipita Kenya, wakaingia Ethiopia, na mwaka 1960 wakafika Misri. Ipo picha maarufu ya matela yamepangwa duara mbele ya piramidi za Giza. Picha hiyo haikuonyeshi njia waliyopita. Tope, mawe na makorongo vilivunja springi na ekseli. Injini hazikuwa tatizo kubwa kuliko vile vyuma vinavyobeba uzito kati ya barabara na abiria. Utingo yeyote wa lori angewaambia hivyo kabla hawajaondoka.

Hapo nikaanza kumwelewa shangazi.

Maana miaka iliyofuata mambo yaligeuka. Pikapu ya Marekani ikaacha kuwa gari la shamba, ikawa gari la familia. Injini zikakua, na matela nayo yakanenepa: choo, bafu, friji, televisheni. Watengenezaji wakaanza kushindana kwa namba moja tu, uwezo wa kuvuta. Ajabu ni kwamba kwa miongo mingi kila kampuni ilijipimia yenyewe kwa njia yake. Ni kama wanafunzi wajitungie mtihani, wajisahihishie, kisha watangaze nani kashika namba moja!

Mwaka 2008 ndipo chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilipotoa kipimo kimoja kinachoitwa J2807. Gari na tela lake hupandishwa mlima wa Davis Dam kule Arizona, zaidi ya kilomita 18, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Hupimwa jinsi linavyoondoka likiwa mlimani, linavyoongeza kasi, linavyosimama na kama tela linayumba. Anayeujua mlima wa Kitonga ataelewa kwa nini hawakuchagua tambarare. Kampuni ya kwanza kukubali ilikuwa Toyota, kwa Tundra ya mwaka 2011, na namba zake za kuvuta zikashuka. Gari lilikuwa imara kama zamani. Kilichobadilika ni mtihani. Wengine walifuata taratibu miaka iliyofuata.

Lakini hata namba hiyo ya kweli ina mtego. Kipimo huchukulia kwamba ndani ya pikapu wamo watu wawili tu, wa kilo 68 hivi kila mmoja. Mjomba peke yake ana zaidi ya kilo 90, na sisemi kitu kuhusu shangazi kwa sababu huwa anasoma hapa.

Nikampigia mjomba. Nikamwambia afungue mlango wa dereva asome karatasi iliyobandikwa kwenye fremu. Imeandikwa uzito wa watu na mizigo usiozidi kilo 640.

Tukapiga hesabu pamoja. Tela likijaa, na maji na gesi na vyakula, ni kilo 3,200. Ili lisiyumbe barabarani, kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake lazima ikandamize pale linapofungwa nyuma ya pikapu. Ukipunguza mno, tela huanza kutikisa mkia na linaweza kuliangusha gari lenyewe. Tukachukua asilimia 12 na nusu, ambayo ni kilo 400. Uzito huo unabebwa na pikapu, hauvutwi. Ongeza familia ya watu watano, kilo 300. Vyuma vya kufungia tela, kilo 40. Jenereta na kuni, kilo 60. Jumla kilo 800.

Kimya.

"Yaani nimezidisha kilo 160?"

"Ndiyo mjomba. Kuvuta itavuta. Kubeba ndiko kutakakokushinda."

Muuzaji hakusema uongo. Tani 3 na robo ni pungufu ya tani 4, hata mtoto wa darasa la pili anajua. Ila alijibu swali la baiskeli ya 1947, wakati shangazi alikuwa anauliza swali la mteremko. Mimi nadhani tatizo la wanunuzi wengi ndilo hili: tunatajiwa namba kubwa inayopendeza, tunasahau namba ndogo iliyobandikwa mlangoni.

Tukarudia hesabu kwa tela dogo, lisilozidi kilo 2,000 likijaa. Linakandamiza kilo 250. Jumlisha familia na vyuma, unapata kilo 590. Zinabaki kilo 50, na jenereta ibaki nyumbani. Nikamsisitizia pia tela liwe na breki zake lenyewe, na kabla ya safari ya kwanza apite kwenye mizani ya malori akapime vyote, watu wakiwa ndani. Karatasi ya mizani haina porojo.

Jana amenitumia picha. Tela ni dogo, rangi ya maziwa, watoto watatu wamekaa mlangoni. Shangazi ndiye aliyeshika ufunguo.

Alamsiki.