Kroshe imetoka wapi, na itatulisha?



Kila tunapofungua kikundi kipya cha kroshe, wamama wanatuuliza maswali mawili. La kwanza: kazi hii imetoka wapi? La pili linaulizwa kwa sauti ya chini: itatulisha? Siku zote tulijibu mbiombio, juu nyuzi zilikuwa zinangoja mezani. Safari hii tunataka kujibu kwa kirefu, maana historia ya kroshe inajibu yote mawili, na jibu la pili si tamu lote.

Neno lenyewe ni la Kifaransa, maana yake ndoano ndogo. Na chombo ni hicho tu: kijiti chenye kichwa kilichopinda, kinachovuta uzi kupitia kitanzi, tena kitanzi kupitia kitanzi. Huko Ulaya, maelezo ya kroshe yalichapishwa mwaka 1823 katika gazeti la Uholanzi lililoitwa Pénélopé. Ile wakati wanawake wenye nafasi walifuma vifuko vya pesa kwa kujifurahisha. Lakini waliokuja kuifanya kuwa kazi ya kutafuta maisha ni watu wenye njaa.

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi vya Ireland. Maskini wa kule walitegemea viazi namna wengi wetu tunavyotegemea muhogo. Watu kama milioni 1 walikufa, na wengine zaidi ya milioni 1 wakakimbia nchi kwa meli. Masista wa Ursuline pale Blackrock, karibu na mji wa Cork, walifundisha wasichana kroshe ili waweze kuuza. Katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa mchungaji, alileta mwalimu mwaka 1847 afundishe familia zilizokosa chakula. Na tazameni namna walivyofanya: nyumba moja ilifuma maua, nyingine majani, kisha fundi mmoja aliviunganisha vipande vyote kuwa kola au gauni moja. Hakuna aliyehitaji kujua kazi nzima. Aliyejua ua moja tu alikuwa na fungu lake.

Kipande cha mraba tunachofundisha siye kilikuja baadaye. Mwaka 1885 gazeti la wakulima la Chicago, Prairie Farmer, lilitoa maelezo ya blanketi la vipande, kwa ajili ya kutumia nyuzi zilizobaki. Nyuzi hazikutupwa. Mabaki ya fulana ya mtoto yalitosha mzunguko mmoja, mabaki ya soksi mzunguko mwingine, njo maana blanketi hizo zina rangi nyingi.

Kwa anayejifunza, mraba huo ni mwalimu mzuri, juu unajihesabu wenyewe. Unafunga vitanzi vinne kuwa pete. Ndani ya pete unafuma mafungu manne, kila fungu nguzo tatu, na kati ya fungu na fungu unaacha vitanzi vya kona. Mzunguko wa pili una mafungu manane, mawili katika kila kona. Wa tatu una kumi na mawili. Kila mzunguko unaongeza manne. Ukisahau kona moja, kipande kinapinda na kila mtu anaona; unafumua mzunguko mmoja, unaanza tena. Mama asiyejua kusoma anaweza kujisahihisha bila kumwita mtu. Vipande vya sentimita 20, sita kwa upana na nane kwa urefu, yaani 48, vinatoa blanketi la mita 1.20 kwa 1.60. Inatosha kufunika mtoto na mdogo wake.

Kwetu, kazi za sindano zilipitia mlango mwingine. Kuanzia miaka ya 1940 Wabelgiji walikuwa na foyer social katika miji, kama ile ya Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, ng'ambo tu ya Uvira. Wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kufuma, kupika na kutunza nyumba. Mafundisho yalilenga kumfanya mwanamke mke mzuri wa mfanyakazi. Kumfanya mwenye pesa yake hakukuwa shabaha. Hilo tulikumbuke: si kila mafunzo ya sindano yaliletwa ili mwanamke asimame mwenyewe.

Kisha ikaja vita ya 1996. Watu wa Fizi na Uvira wakavuka ziwa, na mwaka ule ule kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kule Kasulu. Mwaka 2005 HCR ilianza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Katika vikundi vyetu leo wanakaa mkeka mmoja waliorudi na waliobaki. Wengine walishika kroshe mara ya kwanza kambini, wengine hawajaigusa kamwe. Wengine wana maneno kati yao juu ya shamba au kiwanja. Hatusemi kroshe inamaliza maneno hayo; hiyo ni kazi ya wazee na ya sheria. Tunasema tu kwamba kuunganisha vipande kunawalazimu kupima pamoja, juu kipande cha huyu kikiwa kidogo kuliko cha yule, blanketi linavuta upande.

Sasa lile swali la pili. Ireland kroshe ililisha watu kweli, wakati wanunuzi walikuwepo. Mwishoni mwa karne ya 19 mashine za Uswisi zikaanza kutoa lesi ya kufanana kwa bei ndogo, mitindo ikabadilika, na soko likaanguka. Aliyeweka matumaini yake yote kwenye ndoano alibaki na ndoano.

Kosa hilo siye tulilifanya. Katika mpango wetu wa kwanza tuliandika kwamba blanketi zitauzwa na kuleta mapato kila mwezi. Hatukuhesabu siku za mikono ya mama, wala bei ya nyuzi. Sokoni blanketi la kiwandani liliuzwa chini ya gharama ya nyuzi zetu peke yake. Wamama walirudi nazo kichwani. Wao hawakukosea, ni siye tuliokosea kuahidi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa mkutano mkuu: kroshe ibaki kazi ya kusaidiana. Kila mwanachama atoe kipande kimoja, na blanketi liende kwa mama aliyejifungua au familia iliyofika juzi bila kitu. Mwenye kupata oda auze, lakini kese ya chama isitegemee hapo; mapato tuyatafute kwenye sabuni na mihogo. Wafadhili, tunajua safu ya mapato kwenye ripoti itapungua. Tunaomba muikubali hivyo, kuliko kuijaza tena kwa namba zisizokuwepo. Na mkiwa na mabaki ya nyuzi, hata mkono mmoja, tumeni. Rangi yoyote inafaa.