Majina ya Mashine za Muziki: Kutoka Santuri hadi Tarakimu

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi majina ya mashine za muziki yalivyokua katika Kiswahili, na jinsi istilahi zisizo wazi ziwezavyo kumtia hasara mnunuzi mwenye fedha kidogo. Mfano wetu ni mkulima wa kahawa wa Mwika, katika miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, apendaye kusikiliza kwaya nyumbani kwake.

Gramafoni ndiyo iliyotangulia, na sahani yake ikaitwa santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963, ilipata jina la kanda, na mashine yake ikaitwa kinasa sauti. Katika kipindi hicho studio ya Sauti ya Injili mjini Moshi ilikuwa ikitayarisha vipindi vya Kiswahili vilivyorushwa kutoka Addis Ababa hadi mwaka 1977.

Majina hayo yalieleweka upesi. Tatizo lilizuka katika viungo vya ndani vya mashine. Neno "kipaza sauti" limetumiwa kwa chombo anachosemea mtu na pia kwa kile kinachotoa sauti. "Kikuza sauti" nalo limebeba maana zaidi ya moja. Wengi wameliepa tatizo hilo kwa kuita kila kitu "redio". Ndipo mtu husema redio yake imekufa, akanunua nyingine nzima, kumbe kilichochakaa ni spika tu.

Teknolojia ya dijitali imeongeza uzito wa jambo hili. Katika santuri, mawimbi ya sauti huchorwa kwenye mfuo. Katika diski iliyotolewa na Philips na Sony mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na vipimo vyake huandikwa kwa tarakimu. Kwa hiyo kabla ya kufika sikioni, muziki hupita hatua nne: faili yenye tarakimu; chombo kinachozirudisha tarakimu kuwa mawimbi ya umeme, ambacho twapendekeza kiitwe kigeuzi; kikuza sauti kinachoyatia nguvu mawimbi hayo; na spika inayotikisa hewa.

Mwenye kuzitambua hatua hizi atajua pa kuanzia. Kwanza aitazame faili. Diski hutumia biti zipatazo 1,411,000 kwa sekunde; faili iliyobanwa hadi biti 128,000 haifikii hata sehemu moja ya kumi ya hizo. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudishwi na kigeuzi chochote, hata kiwe cha bei kubwa namna gani. Nakala bora ya wimbo huweza kupatikana kwa gharama ndogo. Pili aitazame spika, kwa kuwa ndiyo mara nyingi inayobadilisha sauti kuliko kiungo kingine. Na kabla ya kununua nyingine aisogeze mbali na kona ya chumba, maana kona huvimbisha sauti nzito. Anayesikiliza peke yake anaweza kupata hedifoni nzuri kwa bei iliyo chini ya ile ya spika mbili za ubora huo. Tatu, redio ya zamani yenye tundu la kuingizia waya inaweza kuunganishwa na simu na kuwa kikuza sauti chake. Kigeuzi kije mwisho, kwa sababu kile kilichomo ndani ya simu mara nyingi chatosha.

Twapendekeza, basi, kila kiungo kipewe jina moja lisiloingiliana na jingine: maikrofoni iwe ya kusemea, kikuza sauti kiwe cha kutia nguvu, spika iwe ya kutoa sauti, na kigeuzi kiwe cha kurudisha tarakimu kuwa mawimbi. Mkulima atakayeingia dukani Moshi na majina hayo manne ataomba kile anachokihitaji, wala hatauziwa mashine nzima kwa ajili ya kiungo kimoja. Wasomaji wenye majina bora zaidi wanaombwa kuyaleta yajadiliwe.