Jinsi ya kutrace ukoo wa msee aliyeenda majuu kitambo: Kesi ya William Bradford, mpiga chapa

Kwa makaburi ya kanisa la Trinity pale Manhattan, New York, kuna jiwe la msee anaitwa William Bradford, mpiga chapa. Jiwe linasema alizaliwa Leicestershire, Uingereza, mwaka wa 1660, akaingia Amerika 1682, na akafa Mei 1752 akiwa na miaka 92. Unapiga picha, unaandika hizo tarehe, unadhani umemaliza kazi.

Zii. Hapo ndio umeanza tu. Ukitaka kujua ukoo wa mtu aliyehama zamani, kila rekodi lazima uiweke kando ya nyingine uone kama zinaelewana. Huyu Bradford ni mfano poa sana, kwa sababu aliacha ushahidi mwingi, na mwingine unapingana.

1. Mtafute kwa maneno yake mwenyewe

Bradford alichapa almanaki, vile vitabu vya kalenda ambavyo kila nyumba ilikuwa navyo. Kwa ile ya 1739, kwenye mwezi wa Mei, alichomeka kamstari kafupi kusema kwamba mpiga chapa alizaliwa tarehe 20, mwaka wa 1663.

Piga hesabu. Alikufa Mei 23, 1752, kumaanisha alikuwa ametimiza miaka 89 siku tatu tu mbele, si 92. Sasa uamini nani? Jiwe liliandikwa na waliobaki, mzae akiwa ameshaenda. Almanaki ilitoka kwa mashine yake akiwa hai. Hata New York Historical Society waliposherehekea miaka 200 tangu azaliwe, walifanya hivyo Mei 20, 1863. Walienda na almanaki.

2. Tarehe ya kufika si lazima iwe moja

Jiwe linasema 1682. Lakini kuna barua ya 1685 kutoka kwa George Fox, mwanzilishi wa Waquaker (hao hao wa Friends Church unaowajua huko Kaimosi). Fox anawaambia ndugu wa Amerika kwamba kijana Bradford anakuja Pennsylvania kuanzisha kazi ya kuchapa vitabu vyao.

Usikimbilie kusema mmoja amedanganya. Watu wa enzi hizo walivuka bahari, wakarudi, wakavuka tena. Andika tarehe zote mbili na mahali umetoa kila moja. Chenye barua inakupa kwa uhakika ni hiki: kufikia 1685, msee alikuwa na safari, kazi na watu wa kumpokea.

3. Usiruke upande wa bibi

Hapa ndio wengi huchomeka. Bradford alijifunza kazi London kwa Andrew Sowle, mpiga chapa Mquaker, na mwaka huo huo wa 1685 akamuoa binti yake Elizabeth. Dadake Elizabeth, Tace Sowle, ndiye baadaye alichukua duka la baba na kuliendesha mwenyewe. Kwa hivyo ukifuata jina la Bradford peke yake, hutaelewa hiyo kazi ilitoka wapi. Ilitoka kwa kina Sowle.

4. Fuata wera yake

Raha ya kufuata mpiga chapa ni kwamba mara nyingi alikuwa akiweka jina, mji na mwaka kwa vitu alivyotoa. Panga hivyo vitabu kwa miaka na utaona akihama.

Philadelphia anaanza na almanaki ya 1686, na hapo hapo anaingia noma kwa sababu ilimwita William Penn "Lord". Mwaka wa 1690 anaungana na William Rittenhouse na wenzake kuanzisha kiwanda cha kwanza cha karatasi kwa makoloni ya Uingereza huko Amerika. Mwaka wa 1692 anachapa maandishi ya George Keith, aliyekuwa amekosana na wakubwa wa Waquaker. Gava inamtia ndani, inabeba vifaa vyake. Kortini anasimama na kusema ni jopo la raia linalofaa kuamua kama maandishi yana makosa, si jaji peke yake. Jopo linashindwa kukubaliana. Mwaka wa 1693 yuko New York, mpiga chapa wa serikali, akilipwa pauni 40 kwa mwaka.

Kuna story kwamba mmoja wa jopo alisukuma zile herufi za risasi na fimbo, zikamwagika zote, ushahidi ukaisha. Story tamu, lakini aliyeieneza ni Isaiah Thomas kwa kitabu chake cha 1810, zaidi ya miaka 100 baadaye. Iweke kando kama story ya jaba hadi upate ushahidi wa 1692 wenyewe.

5. Chunga majina yanayofanana

Ukisaka "William Bradford", wa kwanza kukujia ni yule gavana wa Plymouth aliyefika na meli ya Mayflower 1620. Huyo alitoka Yorkshire. Ni mtu mwingine kabisa. Ukimweka kwa ukoo huu, kila kitu kinachofuata ni hewa.

Hata ndani ya familia, wako wengi. Tofautisha hivi:

- William wa kwanza (1663–1752): mpiga chapa. Alianzisha New-York Gazette 1725, gazeti la kwanza New York.
- Andrew, mtoi wake: alianzisha American Weekly Mercury, Philadelphia, 1719. Benjamin Franklin aliandika kwamba 1723 aliomba kazi kwa mzae New York, akakosa, akatumwa kwa huyu Andrew. Shahidi wa nje kama huyo ni dhahabu.
- William, mjukuu: alilelewa na ankali yake Andrew. Alianzisha Pennsylvania Journal 1742. Oktoba 31, 1765 alilichapa likiwa na sura ya jiwe la kaburi, kupinga ushuru wa stempu.
- William, kitukuu: wakili, Mwanasheria Mkuu wa Marekani 1794 hadi 1795.

Kutoka mtu aliyeshtakiwa kwa kuchapa hadi kitukuu anayeongoza mashtaka ya nchi nzima, ni takriban miaka 100. Hiyo ndio story yenyewe, na huwezi kuiona kama umeshika Bradford mbaya. Kwa hivyo ukianza kusaka wako, kando ya kila jina andika kazi, mji, mwaka na aliyesema hivyo. Jina peke yake halitoshi.