Mfalme Aliyebadilishwa Kichwa

Januari 30, 1649, Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza alikatwa kichwa hadharani, nje ya kasri la Whitehall jijini London. Miaka michache baadaye, katika jiji hilohilo, mchongaji Mfaransa Pierre Lombart alichonga kwenye bamba la shaba picha ya mtawala aliyepanda farasi. Aliifuata picha ya rangi ya Anthony van Dyck ya mwaka 1633, yenye kimo cha zaidi ya mita tatu na nusu, iliyomwonyesha Charles huyohuyo akipita chini ya tao. Farasi alibaki, deraya ikabaki. Kichwa ndicho kilichohamahama.

Kuchonga shaba ni kazi ya subira. Fundi husukuma patasi nyembamba ya chuma, akikata mifereji myembamba kama unywele. Penye kivuli huisonganisha, penye mwanga huiachanisha. Tena huchonga kinyume, kushoto kuwe kulia, maana karatasi itaigeuza picha. Wino ukishapakwa, uso wa bamba hufutwa mpaka wino ubaki mferejini tu. Kisha karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu yake, na rola za mashine huikandamiza hadi iufyonze.

Bamba lililogharimu jasho la namna hiyo halitupwi kwa sababu mfalme amekufa. Shaba ni laini. Fundi huikwangua mistari asiyoitaka, huligonga bamba kwa nyundo upande wa nyuma ili bonde liinuke, halafu hulisugua hadi ling'ae, tayari kupokea uso mwingine. Ndivyo lilivyofanyiwa bamba la Lombart, na si mara moja. Zipo nakala zenye uso wa Oliver Cromwell, aliyetia sahihi hati ya kumwua Charles. Zipo zenye uso wa Louis wa 14 wa Ufaransa. Na zipo zenye uso wa Charles mwenyewe, amerudishwa juu ya farasi wake.

Wengine wataita huo unafiki. Mimi naona riziki ya fundi katika nchi iliyopinduka mara mbili ndani ya miaka kumi na moja: mfalme aliuawa 1649, mwanawe akarudi kutawala 1660. Picha za kuchapwa ziliwafikia watu ambao wasingeingia kasrini maishani mwao, nao walinunua sura ya aliyeshika madaraka.

Nakala inayonigusa kuliko zote haina uso wowote. Deraya imekamilika, farasi ananyanyua mguu, na juu ya mabega pameachwa karatasi nyeupe.