Shahada ya Pili ya Sheria na Safari za Wanasheria wa Afrika Mashariki

Kusafiri kwenda ng'ambo kutafuta elimu ya sheria ni desturi iliyotangulia utawala wa Waingereza katika Afrika Mashariki, kwani wanavyuoni wa pwani na visiwani walikuwa wakivuka bahari kwenda Hadhramaut, Makka na Cairo kusoma fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, na kurudi na ijaza, ambayo ni idhini ya kufundisha itolewayo na mwalimu kwa mwanafunzi wake. Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija aliyefariki mwaka 1925 baada ya kuwa kadhi wa Unguja kwa miaka mingi, alipita njia hiyo na kufika hadi Istanbul. Mwanachuoni wa aina yake hakuondoka mikono mitupu: alikuwa amekwisha kusoma kwa masheikh wa kwao, na huko alikokwenda alikuwa akiipanua elimu aliyokuwa nayo.

Utawala wa kikoloni uliugeuza mpango huo. Kabla ya mwaka 1961 hapakuwa na chuo chochote Tanganyika, Kenya, Uganda au Zanzibar kilichotoa shahada ya sheria, na aliyetaka kuwa wakili aliilekea London, kwenye vyama vinne vya kale vya mawakili, yaani Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple. Mwanafunzi alifanya mitihani ya chama chake na kuhudhuria idadi iliyowekwa ya karamu za jioni katika kila muhula, kisha akatangazwa kuwa wakili mwenye haki ya kutetea kesi katika mahakama za juu, hata kama hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Charles Njonjo, aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya mwaka 1963, alipitia Gray's Inn, naye Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza kufanya kazi ya uwakili Kenya, alirudi kutoka Uingereza katika miaka ya 1950 na kuwatetea Waafrika walioshtakiwa chini ya sheria za hali ya hatari zilizowekwa na serikali ya kikoloni. Waafrika wa namna hiyo walikuwa wachache mno, kwa kuwa safari ilikuwa ghali na serikali za kikoloni hazikuwa na hamu ya kumlipia Mwafrika masomo ambayo yangemwezesha kuzihoji mahakamani.

Tena elimu yenyewe ilikuwa na kasoro kubwa. Mtahiniwa alisoma sheria ya Kirumi na taratibu za umiliki wa ardhi wa Uingereza, ilhali aliporudi alikutana na kesi za mahari, urithi na mipaka ya mashamba ya ukoo, mambo ambayo hakuna mtihani wa London uliowahi kumuuliza. Kamati ya Uingereza iliyoongozwa na Jaji Denning iliyaona hayo, na katika ripoti yake ya mwaka 1961 ikapendekeza sheria ifundishwe Afrika kwenyewe, na kwa upande wa Afrika Mashariki ifundishwe Dar es Salaam. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Kitivo cha Sheria kilifunguliwa katika jengo la chama cha siasa cha TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa kitivo cha kwanza cha chuo cha Dar es Salaam kilichokuwa bado chini ya Chuo Kikuu cha London, kikiwa na darasa dogo la wanafunzi kutoka Tanganyika, Kenya na Uganda.

Hapo ndipo shahada ya uzamili, yaani shahada ya pili inayofuata ile ya kwanza, ilipopata maana yake katika eneo hili, kwa sababu kitivo kilichoanzishwa na walimu wa kigeni kilihitaji walimu wenyeji, na mwalimu hakuweza kutosheka na shahada ya kwanza. Ford Foundation ya Marekani iligharimia mradi ulioleta walimu vijana wa Kimarekani kufundisha sheria Afrika na kuwapa Waafrika nafasi za kusoma zaidi huko Marekani. Yash Pal Ghai, mzaliwa wa Kenya, alisoma Oxford na Harvard, akaanza kufundisha Dar es Salaam mwaka 1963 na baadaye akakiongoza kitivo hicho. Hata sheria za mila za Waafrika zilikuwa zikikusanywa na kuandikwa London, katika chuo cha taaluma za Mashariki na Afrika kijulikanacho kama SOAS, chini ya Antony Allott, hivyo mtafiti wa Kiafrika aliweza kujikuta akivuka bahari kwenda kusoma maandishi juu ya mila za kwao. Jambo hilo ni zito, na halipaswi kupitwa kana kwamba lilikuwa la kawaida.

Katika muda wa miaka michache Dar es Salaam yenyewe ilikuwa ng'ambo kwa wengine. Willy Mutunga wa Kenya alipata hapo shahada ya kwanza na ya uzamili, kisha akaenda Toronto kwa shahada ya uzamivu, ambayo ndiyo ya juu kabisa, kabla ya kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011. Makau wa Mutua, aliyelazimika kuacha masomo Nairobi kwa sababu ya harakati za kisiasa, alimaliza shahada mbili Dar es Salaam na kuzifuatishia nyingine mbili Harvard. Hao walikwenda Amerika kama alivyokwenda bin Sumait Istanbul, wakiwa na elimu ya kwao tayari, na kwa hiyo waliweza kuchagua cha kupokea na cha kukataa.

Issa Shivji wa Tanzania alipitia njia nyingine. Shahada ya uzamili aliipata London mwaka 1971, lakini ya uzamivu aliiandikia nyumbani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juu ya kazi ya ujira na sheria za kazi Tanganyika tangu miaka ya 1920, akichimbua nyaraka za serikali na kumbukumbu za migomo ya makuli na wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Utafiti huo aliukamilisha mwaka 1982, na mwaka 1986 ukachapishwa London kuwa kitabu.