Nyumba ya Rehani ya Perugia

Wandugu, deni la maskini ni jambo la zamani katika Eklezia. Mwaka 1462, kule Perugia katika Italia, Wafransisko waliuhimiza mji ufungue Monte di Pietà, nyumba ya kuwakopesha maskini. Mtu alileta nguo ao chombo cha kazi, akapewa feza kidogo. Akishindwa kulipa, kitu kiliuzwa, na feza iliyozidi deni alirudishiwa mwenyewe. Alipoteza shuka, hakufungwa.

Lakini aliombwa kuongeza kidogo kwa mishahara ya watumishi. Hapo mapadri wakagombana. Mwaka 1498 Thomas de Vio, Mdominiko, aliandika kwamba hiyo ni riba. Bernardino wa Feltre alikuwa amejibu: pasipo malipo hayo nyumba itakufa. (Tusifiche: mahubiri yake yaliwachochea watu kuchukia Wayahudi.)

Tarehe 4 Mei 1515, katika Mtaguso wa tano wa Laterano, Papa Leo X aliruhusu malipo ya gharama tu, pasipo faida. Twasahau neno lililofuata: ni vizuri zaidi waanzishaji watoe mishahara hiyo wenyewe, hata kama ni nusu, ili maskini apunguziwe mzigo.