Kabla ya Sura ya Kwanza: Zola na Maandalizi ya Germinal

Katika masomo ya fasihi huulizwa mara kwa mara: mtunzi wa riwaya aanze na dhamira au aanze na wahusika? Wapo wanaodai kuwa anayeanza na dhamira huishia kuandika hotuba, na wahusika wake hubaki kuwa vibaraka wa mawazo yake. Insha hii inalijadili suala hilo kwa kuchunguza maandalizi ya Germinal, riwaya ya Émile Zola iliyotoka kama kitabu mwaka 1885. Hoja yetu ni kwamba dhamira inaweza kutangulia bila kuwaua wahusika, mradi mtunzi akubali wahusika hao waitikise.

Germinal ni riwaya ya 13 kati ya 20 za ukoo wa Rougon-Macquart. Jalada la maandalizi yake limehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Ndani yake mna rasimu ya mawazo, maelezo ya kila mhusika, habari alizozikusanya mtunzi, na mpango wa kila sura.

Rasimu inaanza na dhamira: mapambano kati ya mtaji na kazi. Lakini humo Zola anabishana na nafsi yake. Je, mwajiri awe tajiri mmoja anayejulikana, au kampuni ya wenye hisa? Alichagua kampuni, ili mtaji uwe kitu cha mbali kisichoonekana. Uamuzi huo ulibadili sura ya upande wa pili. Meneja Hennebeau naye ni mwajiriwa tu, tena anateswa na ndoa yake. Deneulin, mwenye mgodi mdogo, anafilisiwa na mgomo uleule. Msomaji hapati adui mmoja wa kumtupia lawama zote.

Hatua ya pili ilikuwa utafiti. Mwezi Februari 1884 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Anzin, kaskazini mwa Ufaransa, waligoma. Zola alikwenda huko, akaingia katika nyumba zao na kushuka shimoni. Alianza kuandika riwaya tarehe 2 Aprili 1884 na kuimaliza Januari 1885. Hata hivyo, hakunakili tu alichokiona. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1874 ilikuwa imewakataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi. Kwa kuwa riwaya inasimulia miaka ya 1860, enzi za Napoleon III, Catherine anaweza kuwamo shimoni akisukuma vigari vya makaa. Wakati wa kihistoria na mhusika vilichaguliwa ili vifae pamoja.

Mpango wenyewe nao ulivunjwa. Étienne Lantier alikusudiwa kuwa muuaji katika riwaya ya reli. Alipofanywa kiongozi wa mgomo, Zola alilazimika kumbuni ndugu mwingine, Jacques, kwa ajili ya La Bête humaine (1890), ingawa L'Assommoir (1877) haikumtaja kabisa.

Ushahidi mkubwa zaidi ni Maheude, mama wa watoto saba. Mwanzoni anauogopa mgomo kwa sababu anajua bei ya mkate. Baadaye, akiisha kufiwa, ndiye anayekataa kusalimu amri. Mwishoni njaa ya watoto waliobaki inamrudisha shimoni. Dhamira yote ya riwaya imo katika mabadiliko yake, wala hahitaji kuihutubia. Si wahusika wote waliofaulu hivyo: Souvarine, mwanamapinduzi kutoka Urusi, yuko karibu zaidi na wazo kuliko na mtu.

Suala hili linatuhusu sisi wa nchi jirani. Desemba 1941, mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, askari wa serikali ya kikoloni waliwafyatulia risasi wachimbaji waliogoma wakidai nyongeza ya mishahara. Atakayeiandikia riwaya habari hiyo atakuwa na dhamira tayari mkononi: dhuluma ya ukoloni. Hatari ni kudhani kwamba hiyo inatosha. Kabla ya sura ya kwanza inambidi ajue ni nani aliyebaki nyumbani asubuhi ile, alikuwa na deni gani, na kama alimshauri mumewe aende au asiende.